Nyumba na Rika katika Malezi ya Imani

Mwaka 1528 Martin Luther alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saksonia, akakuta Wakristo wengi hawajui hata Sala ya Bwana wala Amri Kumi. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, akaikabidhi kwa mkuu wa nyumba, ili mtoto alisikie Neno kwanza kwa mzazi wake, kisha aulize maana yake.

Lakini mtoto hukua, na sauti ya wenzake humwingia kuliko ya baba. Jambo hilo alilitambua Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902. Alipoona kwamba kijana wa Kichagga hukomaa pamoja na rika lake, aliwaunganisha wanafunzi wa kipaimara katika vikundi vidogo, wachukuliane mizigo hata baada ya kipaimara. Wako waliomlaumu kwamba alizithamini mno mila. Hata hivyo, swali lake lingali letu.

Darasa la kipaimara lisilo na nyumba nyuma yake wala rika mbele yake, je, ni mlango wa kuingilia kanisani, au wa kutokea?