Mulizi, Lulanga na Likembe: Ufunguo wa Sauti katika Muziki wa Bushi

Washi, wenyeji wa Bushi, yaani milima inayouzunguka mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, walikuwa na ala tatu ambazo mtu aliweza kuzipiga peke yake: mulizi, lulanga na likembe. Kila moja ilikuwa na jibu lake kwa swali linalomkabili hadi leo mtu anayejifunza harmonika: je, ala moja itatosha kwa nyimbo zote? Harmonika ya matundu 10 hutoka kiwandani ikiwa na ufunguo mmoja tu, yaani ngazi moja ya sauti. Kwa kawaida anayeanza hununua ya C, kisha huongeza ya A, ya G au ya D kadiri anavyokutana na waimbaji mbalimbali.

Iliyo karibu zaidi na harmonika ni mulizi, filimbi ndefu ya wachungaji inayopulizwa kwenye ncha. Urefu wa bomba ndio unaoamua sauti yake, na bomba likishakatwa haibadiliki tena. Hata hivyo, mchungaji aliyepiga peke yake malishoni hakuwa na mwenzake wa kulingana naye, hivyo filimbi moja ilimtosha.

Lulanga ni zeze la ubao uliochimbwa kidogo, ndugu wa inanga ya Rwanda na Burundi na nanga ya Wahaya wa Bukoba. Uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenye pengo la ncha hii, ukavutwa hadi ncha ya pili na kurudishwa, mara kadhaa. Kwa kuwa uzi ni ule ule, kukaza sehemu moja huigusa ya jirani, na mpigaji hulazimika kuzipitia zote upya mpaka zikubaliane. Hapo kipimo ni koo la mwimbaji: ala hupandishwa au kushushwa mpaka imfae.

Likembe ilienea kutoka magharibi ya Kongo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ikibebwa na wapagazi, askari na vibarua. Vijiti vyake vya chuma hubanwa juu ya kisanduku cha mbao. Kijiti kikivutwa kuelekea kwa mpigaji, sehemu inayotikisika hurefuka na sauti hushuka. Kikisukumwa nyuma, sauti hupanda. Ala moja hubadilishwa hivyo bila kununua nyingine.

Mwaka 1951 na 1952, Bukavu ikiitwa bado Costermansville, mtaalamu wa muziki wa Kimarekani Alan Merriam alirekodi muziki wa eneo hili. Makala yake kuhusu ala za Washi ilitoka mwaka 1955, na ile ya mulizi mwaka 1957.

Utaratibu wa wapigaji wa lulanga unamfaa hata anayenunua harmonika yake ya kwanza leo: kwanza ajue atamsindikiza nani na sauti ya mtu huyo inakaa wapi, ndipo achague ufunguo.