Sayansi ya kubeba mzigo kichwani

Mnamo mwaka 1986, jarida la kisayansi la Nature la nchini Uingereza lilichapisha makala fupi iliyouliza iwapo wanawake wa Kiafrika wamegundua njia nafuu ya kubeba mizigo. Miongoni mwa waandishi wake alikuwa G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na N. C. Heglund, G. A. Cavagna na C. R. Taylor. Waliopimwa walikuwa wanawake wa Kiluo, ambao huutua mzigo utosini, na wanawake wa Kikuyu, ambao huubeba mgongoni kwa ukanda unaopitishwa kwenye paji la uso.

Kipimo kilichotumika ni oksijeni. Misuli inapofanya kazi kubwa zaidi hutumia hewa hiyo kwa wingi zaidi, hivyo anayejua kiasi cha oksijeni kinachotumika hujua gharama ya mwendo. Watafiti hao waligundua kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea wanawake hao gharama yoyote. Ilikuwa kana kwamba wanatembea mikono mitupu. Baada ya kiwango hicho gharama ilianza kupanda: mzigo wa asilimia 30 uliongeza matumizi ya nishati kwa asilimia 10. Wanajeshi waliobeba shanta mgongoni walitumia nishati nyingi zaidi kwa mizigo ya kiasi hicho hicho.

Matokeo hayo yalienea duniani, na aghalabu yalisimuliwa kana kwamba mwanamke wa Afrika Mashariki hubeba mzigo bure. Hesabu ndogo yatosha kuonyesha kosa la usimulizi huo. Asilimia 20 ya mwanamke mwenye uzito wa kilo 60 ni kilo 12. Mtungi wa plastiki wa lita 20, ambao ndio unaoonekana kila siku njiani kutoka mtoni au kwenye kioski cha maji, una kilo 20 za maji peke yake, yaani theluthi moja ya uzito wake. Kwa hiyo hata kwa vipimo vya 1986, mtungi wa kawaida haukuwa bure.

Hata hivyo, swali la jinsi jambo hili linavyowezekana lilibaki, na jibu lake ni la kustaajabisha. Binadamu atembeapo, kitovu cha uzito wa mwili wake hakisongi mbele kwa mstari ulionyooka. Hupanda kila mguu unaposimama wima chini ya kiwiliwili, kisha hushuka mguu wa pili unapotanguliwa mbele. Kinapopanda, mwendo hupungua kasi. Kinaposhuka, kasi hurejea. Ni sawa na pendulamu ya saa ya ukutani, ila hapa ufito umegeuzwa juu chini. Nishati ya kimo hugeuka kuwa ya mwendo, na ya mwendo ikawa ya kimo. Kwa mtu asiye na mzigo, takriban asilimia 65 ya nishati hiyo huokolewa kwa njia hii. Zinazosalia sharti zitolewe na misuli.

Mwaka 1995 Heglund na wenzake walirejea katika jarida la Nature na maelezo. Walipima nguvu ambazo nyayo huikandamiza sakafu, wakaona kwamba wanawake hao wanapotwikwa mzigo huokoa nishati zaidi kuliko wanapotembea bila kitu, hadi kufikia karibu asilimia 80. Utafiti mwingine wa kundi hilo, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha mahali faida hiyo inapopatikana: ni pale tu mwili unapokwisha kupita kilele cha hatua na kuanza kushuka. Watu wengine hupoteza nishati kidogo hapo. Mwanamke aliyezoea mzigo hupoteza kidogo zaidi. Misuli yake si lazima iwe na nguvu kuliko ya mwanajeshi. Tofauti ni kwamba huruhusu mwili uanguke kwa wakati unaofaa.

Wakati huo unaamuliwaje? Msomaji akumbuke kwamba mwenye mtungi hauoni mtungi wake. Habari za mzigo humfikia kwa njia nyingine. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu ya nusu duara inayohisi kichwa kinapogeuka, na viungo vingine viwili vinavyohisi kuinama na kuongezeka kwa kasi. Misuli ya shingo nayo imejaa vihisio vinavyoueleza ubongo ni kiasi gani imevutika. Habari hizi huunganishwa na zile za macho na nyayo, na ubongo mdogo ulio kisogoni hurekebisha mwendo bila mtu kufikiri. Kata ya kitambaa au majani inayowekwa utosini, mbali na kupunguza maumivu, hulifanya tako la mtungi litulie ili lisiteleze.

Ilidhaniwa kwamba fumbo limefumbuliwa, hadi watafiti walipokwenda Nepal. Katika jarida la Science mwaka 2005, G. J. Bastien, Heglund na wenzao waliripoti kwamba wapagazi wa milima ya huko, ambao mizigo yao hushikiliwa na ukanda wa kichwani, hubeba mizigo mizito kwa nafuu kuliko hata wanawake wa Kiafrika. Wapagazi wa kike walibeba wastani wa mizigo iliyozidi ile mikubwa kabisa ya wanawake hao, ilhali gharama yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 25. Walipopimwa mwendo, na matokeo kuchapishwa mwaka 2016, haikuonekana kwamba pendulamu yao ilikuwa bora kuliko ya watu wa kawaida. Siri yao, basi, si ile ya Kenya.

Pigo kubwa zaidi lilitoka Afrika Kusini. Mwandishi huyu daima aliona kasoro moja katika ulinganisho wa 1986: mwanamke aliyezoea mzigo tangu utotoni aliwekwa mkabala na mwanajeshi mwenye shanta, hivyo haikujulikana kama tofauti ni ya mazoea au ya mahali mzigo ulipo. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa wakibeba kichwani na kisha mgongoni. Hawakuona kwamba kichwani ni nafuu. Kilichojitokeza ni tofauti kubwa baina ya mtu na mtu, ambayo wingi wa mazoea haukuieleza. Wanawake hao pia walilalamikia shingo zaidi walipobeba kichwani.

Mwaka huo huo utafiti wa Jo-Anne Geere na wenzake katika jimbo la Limpopo, pia Afrika Kusini, uliangalia wachotaji maji na kuhusisha kazi hiyo na maumivu ya shingo na mgongo. Kipimo cha oksijeni hakiwezi kuyaona maumivu hayo. Pafu halijui uti wa shingo umebanwa kiasi gani. Kwa wanawake wazee wa Kikuyu waliobeba kuni kwa miongo mingi, ukanda umeacha bonde kwenye paji la uso ambalo hata mtoto huliona.