Ufundi wa shida una mpaka wake

Wiki iliyopita nilimkuta kijana wa mtaani kwetu amesimama kando ya gari lake, boneti wazi, simu sikioni, akimsubiri fundi aje na mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akatikisa kichwa: "Enzi zetu gari tulitengeneza wenyewe." Nilitabasamu, kwa kuwa enzi hizo nami nilizionja utotoni. Lakini nikajiuliza: je, tulikuwa hodari, au hatukuwa na njia nyingine?

Tuanze na historia. Bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Katikati hapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, kisha Tanzania ikaingia vitani na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikaadimika. Katika foleni ya mahitaji ya taifa, spea za gari la mtu binafsi zilikaa mwisho kabisa. Ukafika wakati ambapo Jumapili, kuanzia saa nane mchana, magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani bila kibali, ili kuokoa mafuta. Mwenye gari alibaki nyumbani, amelala chini ya gari lake.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na Peugeot 404, gari la Kifaransa lililoanza kutengenezwa mwaka 1960 na kushinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Betri ikifa, unaliwasha kwa hendeli. Platini zikichakaa, baba alizisugua kwa msasa, kisha akapima nafasi yake kwa nyembe nne zilizopangwa pamoja, kwani wembe mmoja una unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Tangi likivuja, alipaka sabuni ya mche, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Mkanda wa feni ukikatika njiani, soksi ndefu ya mama ilifungwa mahali pake hadi tufike. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika tochi, na kukaripiwa kila nilipoangaza pasipotakiwa.

Hayo ndiyo tunayopenda kusimulia. Kuna mengine hatuyasimulii.

Mwaka 1987, nikiwa na miaka minane, mafuta ya breki yalikwisha na dukani hayakuwapo. Mtu akamshauri baba atie mafuta ya injini. "Mafuta ni mafuta," alisema. Siyo kweli. Mafuta ya injini huvimbisha ile mipira iliyomo ndani ya breki, ikalainika na kuharibika. Siku mbili tatu breki zilishika vizuri. Siku ya nne, tukiteremka Kimara kuelekea Ubungo, mimi na mama tukiwa ndani, baba alikanyaga pedali ikazama mpaka chini. Akarudisha gia, akavuta breki ya mkono, akaliparamisha gari kwenye rundo la mchanga kando ya barabara. Mama alipasuka paji la uso. Alama ile hakuiondokea maisha yake yote.

Baba hakusema neno siku ile. Usiku alichukua daftari langu la hesabu, akaandika orodha mbili kwenye ukurasa wa mwisho. Ya kwanza: plagi, platini, kabureta, mkanda wa feni, kubadilisha oili. Ya pili: breki, usukani, matairi. Juu ya ile ya pili aliandika, "Hapa hatubahatishi." Tangu hapo, spea ya orodha ya pili isipopatikana, gari lililala na sisi tulipanda basi.

Hali ilikuwa imeanza kubadilika. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Spea zikarudi madukani pole pole. Baadaye yakaja kwa wingi magari yaliyotumika kutoka Japani, yenye kompyuta ambayo haipimwi kwa wembe.

Kwa hiyo yule mzee alisema kweli, ila nusu. Shida ilitufundisha kulijua gari, na elimu hiyo ni mali. Kijana wa leo anayeweza kubadilisha plagi na kukagua maji ya rejeta ataokoa fedha na muda. Lakini shida hiyo hiyo ilituzoesha kubahatisha, na tabia hiyo haikuondoka na uhaba. Leo maduka ya Kariakoo yamejaa spea, na bado wapo wanaochagua mipira ya breki ya bandia kwa kuwa ni nafuu. Baba hakuwa na la kuchagua. Wao wanalo.

Ukitengeneza gari lako mwenyewe, nakupongeza. Ila kabla ya kushika spana, jiulize kazi hiyo iko kwenye orodha ipi.