Dakika 38 za Unguja

Wadau, ukisema tu unasoma historia lazima mtu akutege na lile swali la chemsha bongo: vita vifupi kuliko vyote duniani ni vipi? Jibu: Unguja, 27 Agosti 1896, dakika 38 hivi (wengine wanasema 45). Watu wanacheka, mada inabadilika. Mie swali hilo limenichosha, maana linahesabu dakika tu.

Ilikuwa hivi. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, ambao walikuwa na mtu wao. Akapewa mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa 3 na dakika 2 meli za Admirali Rawson zikaanza kupiga mizinga.

Sasa fikirieni kasri lenyewe. Liko ufukweni, mji umelibana nyuma, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya mbao. Ndani mna watu kama 3,000, askari kwa watumishi kwa watumwa (utumwa kisheria ulikuja kufutwa mwaka 1897). Kombora likitua kwenye nyumba ya mbao halichagui, na lisipokuua, moto wake unakufuata. Upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Upande wa Waingereza? Baharia mmoja kajeruhiwa. Basi.

Mtu atasema, si walionywa jamani? Ni kweli, na wanawake na watoto wa Kiingereza walipelekwa melini mapema. Lakini mtumwa wa jikoni angeomba ruhusa ya kuondoka kwa nani? Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, baadaye akavushwa Dar es Salaam.

Kinachonikera zaidi ni hesabu. Makombora yaliyofyatuliwa yanajulikana, kama 500, na risasi za rashasha 4,100. Halafu waliomuunga mkono Khalid wakatakiwa walipie gharama za makombora yaleyale! Waliokufa wao wamebaki "kama 500", wafu na majeruhi wamechanganywa humohumo.

Mwaka 1907, kule The Hague, mataifa yakakataza kupiga kutoka baharini miji isiyo na ulinzi. Sheria nzuri, ila kasri la Khalid lilikuwa na mizinga yake mlangoni, kwa hiyo isingewasaidia wale wa jikoni.

Novemba 2022, Dublin, nchi zaidi ya 80 ziliunga mkono tamko la kujizuia kutumia silaha za milipuko kwenye maeneo ya watu pale raia wanapoweza kudhurika. Halina nguvu ya mkataba, na wakubwa wanaweza kulikwepa wakitaka. Ila kuna kipengele kimoja nimekipenda: nchi zinaahidi, inapowezekana, kukusanya takwimu za raia walioumia, siyo za makombora tu.