Karafuu, Karanga na Meli ya Mchele

Mpe mpishi wa Dakar mchele mzima, punje ndefu zisizo na ufa, naye atauliza chenga ziko wapi. Zile ambazo huku kwetu hupepetwa zikawekwa kando, zikaishia kwenye uji au kwa kuku, kule ndizo mchele wenyewe, na soko lao limewahi kuzilipia zaidi ya punje nzima. Hupikwa hivi: samaki na mboga huiva kwanza kwenye mchuzi wa nyanya, huku chenga zikipata mvuke juu ya sufuria hiyo hiyo. Vilivyoiva huopolewa, chenga humiminwa ndani, nazo hunywa mchuzi mpaka zikawa nyekundu. Chini hubaki ukoko, nao hukwanguliwa na kugawiwa kama kitoweo. Punje nzima hainywi mchuzi namna hiyo. UNESCO iliingiza chakula hiki, ceebu jën, katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021, ikakitaja kuwa ni cha Senegal. Ni kweli ni chao, ila mchele wake kwa sehemu kubwa hushuka bandarini.

Miaka ya mwanzo ya uhuru Senegal iliagiza tani 100,000 na ushei kwa mwaka. Siku hizi ni zaidi ya tani milioni 1. Mtu atasema watu wameongezeka, na wameongezeka kweli, kutoka milioni 3 hivi mwaka 1960 hadi milioni 18 katika sensa ya 2023. Lakini mchele umewapita watu mbio. Wala si ukame peke yake uliofanya hivyo, ingawa ule wa miaka ya 1970 uliumiza sana. Mstari wa uagizaji unaopanda ulianza kuchorwa na karanga.

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Bordeaux na Marseille walihitaji mafuta kwa viwanda vyao vya sabuni. Mashamba ya Senegal yakaingia karanga, uwele na mtama vikapungua, na mkulima akawa na fedha mkononi lakini ghala tupu. Wakati huo Wafaransa walikuwa na koloni jingine Indochina, ambako vinu vya Saigon vilitoa chenga nyingi zisizo na mnunuzi Ulaya. Karanga zikaenda, chenga zikaja. Kinachokera ni kwamba Senegal haikuwa ngeni kwa mpunga: huko Casamance Wajola walikuwa wakijenga matuta na kuzuia maji ya chumvi kabla Mzungu hajatia nanga. Mpunga huo haukuulizwa.

Visiwani kwetu Zanzibar mambo yalikwenda karibu vilevile, zao tu ndilo tofauti. Pemba kabla ya mikarafuu ilikuwa kisiwa cha mpunga, na Mombasa ya akina Mazrui ilikitegemea kwa chakula hadi watu wa Sultani Seyyid Said walipokitwaa miaka ya 1820. Karafuu ilipopanda bei, kila mwenye ardhi ya juu akapanda mikarafuu na kila mwenye mtumwa akamtia shambani. Mpunga ukabaki mabondeni kwa wenye nguvu ndogo. Mchele wa India na Burma ukajaza pengo, na mwisho wake wali ukawa chakula cha kila siku mjini hata kwa asiyekuwa na mkarafuu hata mmoja.

Jeshi moja liliwaumbua Wasenegali na Wazanzibari. Katika Vita Kuu ya Pili Wajapani waliingia Indochina mwaka 1940, wakaitwaa Rangoon Machi 1942. Dakar ikakosa chenga za Saigon, Unguja ikakosa mchele wa Burma, na sehemu zote mbili watu wakarudi kwa walichokuwa wamekidharau: uwele kule, muhogo huku. Vita vilipokwisha meli zikarudi, na watu wakaipokea sahani ile ile.

Baada ya uhuru ndipo njia zilipoachana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Rais Karume wa Zanzibar ilibana uagizaji wa chakula na kuwataka watu wale wanachokilima. Mchele ukawa wa mgao, foleni zikawa ndefu, na hali ile ilikuwepo wakati karafuu inaleta fedha nyingi za kigeni. Wazee wa Unguja hawajaisahau, na sidhani kama mwanasiasa yeyote wa Visiwani atathubutu kuirudia. Senegal ilichagua kinyume: dola lenyewe likawa mwagizaji mkuu, likapanga bei ili mji utulie, na likashikilia biashara hiyo hadi katikati ya miaka ya 1990. Wakati huo huo liliunda shirika la SAED mwaka 1965 kuendeleza bonde la Mto Senegal, na bwawa la Diama lilipokamilika mwaka 1986 maji ya chumvi yakazuiwa. Bonde sasa huvuna mara mbili kwa mwaka, na mkulima mzuri hupata tani 6 kwa hekta. Shida haikuwa shamba. Mchele wa bonde ulifika sokoni na mawe, punje nzima na chenga zimechanganyika, nao mpishi wa Dakar akaupita. Vinu vilipoanza kuchambua na kufungasha vizuri, ndipo ukaanza kuheshimika.

Hapo ndipo naona Zanzibar haijajifunza vya kutosha. Mabonde ya Cheju na Kibokwa yamepata miundombinu ya umwagiliaji, na hilo ni jema. Lakini nyumba nyingi za Mjini siku za kawaida hupika mapembe, mchele wa nje wa bei nafuu, kwa sababu unachambuka, unavumilia tui la nazi, na sufuria moja inashibisha watu wengi. Mchele wa Mbeya wenye harufu husifiwa, ila husubiri mgeni. Mipango inahesabu hekta na tani. Mwanamke aliyeshika kipimo cha mchele dukani anahesabu vitu vingine kabisa.

Septemba 2022 India, iliyokuwa muuzaji mkubwa wa chenga kwa Senegal, ilipiga marufuku kuziuza nje, na marufuku hiyo ikadumu hadi Machi 2025. Wafanyabiashara wa Dakar waligeukia Pakistan na Thailand. Wanaopanga kilimo cha Unguja na Pemba wasingoje mlango ufungwe kwetu ndipo waulize: wachukue mbegu wanazokusudia kusambaza, wazikoboe, wazipeleke Darajani na Chake Chake zikapikwe na tui, na zile ambazo wapishi watazikataa wasiwape wakulima.