Njano Peke Yake Haitoshi: Jino Langu na Historia ya Basi la Shule

Kila nikiweka video lazima kuna mtu atauliza: jino lako la mbele liliendaje? Wengine husema nilipigwa mtaani. Mmoja aliandika ati nilifungua soda nalo. Leo nawapa jibu, halafu niwape historia iliyo nyuma ya hilo jino, kwa sababu nimeifukua wiki tatu na nimegundua si stori yangu peke yangu.

Nilikuwa darasa la tatu. Gari letu la shule lilikuwa matatu iliyozeeka, ile ya watu kumi na nne, rangi ya kijani. Sisi tulikuwa zaidi ya ishirini. Wa mwisho kuchukuliwa walikaa kwa injini, pale katikati kando ya dere, na kama uliwahi kukaa hapo unajua vile panachoma. Asubuhi hiyo wa mwisho nilikuwa mimi. Anti wa gari alimuuliza dere kama kweli kuna nafasi. Dere akajibu, "Hawa ni wadogo, watatoshea." Mbele kidogo mkokoteni ukaingia barabarani, breki ikakanyagwa, na mdomo wangu ukakutana na dashibodi.

Hakuna aliyekufa. Mathe aliambiwa nilikuwa nacheza. Nikaendelea kupanda gari hilo hilo miaka miwili zaidi.

Sasa twende mbele. Mwaka huu nimekuwa nikikaa kwa dadangu, na kazi yangu ya asubuhi ni kumpeleka mpwa wangu stejini. Ana miaka sita. Gari lake pia ni la watu kumi na nne, lakini ni la njano, limeandikwa kubwa kwa herufi nyeusi. Siku moja nikaamua kuhesabu. Walikuwa ishirini na wawili. Nikamwambia dere kwa heshima, "Mzee wangu, hawa si wamezidi?" Akacheka. "Kijana, hawa ni wadogo, watatoshea."

Maneno yale yale. Kitu pekee kilichobadilika ni rangi. Nikajiuliza: hii njano ilitoka wapi, na ilikuwa imekuja kufanya nini?

Ilitoka mbali. Kule Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, watoto wa mashambani walipelekwa shule kwa mikokoteni iliyovutwa na farasi. Mlango wa kuingilia uliwekwa nyuma, ndio watoto wasiwashtue farasi. Baadaye farasi wakaondoka, injini ikaingia, lakini hakukuwa na sheria moja ya kila mtu. Shule moja ilitumia lori, nyingine mkokoteni, na kila mtu alipaka rangi aliyoipenda. Kuna mahali mabasi yalipakwa nyekundu, nyeupe na bluu ili watoto waipende bendera yao. Yaani mpango ulikuwa kama wa nganya zetu, tofauti ni kwamba hakukuwa na muziki.

Halafu akaja jamaa anaitwa Frank Cyr. Alikuwa amekulia Nebraska, mashambani, na sasa alikuwa profesa pale Teachers College, Columbia University, New York. Aprili 1939 alipata ufadhili wa dola 5,000 kutoka kwa pesa za kina Rockefeller, akaita mkutano wa siku saba. Wakaja watu wa elimu kutoka majimbo yote, wakaja waundaji wa mabasi, wakaja hata wataalamu wa rangi. Ukutani walitundika vipande vya rangi, kuanzia manjano ya limau hadi chungwa lililokolea, wakachagua moja. Sababu ilikuwa rahisi: herufi nyeusi juu ya njano ile zinasomeka hata kukiwa bado na kagiza ka asubuhi. Fikiria watoto wetu wanaosimama stejini kabla jua halijatoka. Rangi hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya saa kama hiyo.

Lakini hapa ndipo stori huwa tunaikata katikati. Mkutano ule haukutoa rangi peke yake. Ulitoa viwango 44. Urefu wa basi, kimo cha dari, upana wa njia ya katikati, vyote viliandikwa. Njano ilikuwa kimoja tu kati ya hivyo. Na hata kukubaliana kwa rangi hakukuja kwa siku moja. Majimbo yaliingia polepole, la mwisho likakubali mwaka 1974. Miaka 35 kwa rangi tu.

Na rangi yenyewe haikukomesha vifo. Mwaka 1967 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, California, waligongesha mabasi makusudi yakiwa na masanamu ndani, waone mtoto anaumia vipi. Waliona kwamba kiti chenyewe, kile chenye mgongo mfupi na chuma juu, ndicho kilikuwa kinavunja watoto. Kazi kama hiyo ndiyo ilisaidia kuleta sheria zilizoanza Aprili 1, 1977: viti viwe na migongo mirefu, viwe na sponji, vikaribiane. Ukitaka kuelewa, chukua trei ya mayai. Yai halifungwi mkanda, lakini kila moja lina shimo lake, na ukitikisa trei halirukii jirani. Hiyo ndiyo sababu mabasi mengi makubwa ya shule kule hayana mikanda hadi leo.

Sikiza vizuri lakini, kwa sababu hapa ndipo gari la mpwa wangu linaingia. Trei ya mayai inafanya kazi kwa basi kubwa na zito. Kwa gari dogo, sheria hiyo hiyo ya 1977 ilisema lazima mikanda iwepo. Na muuzaji wa magari kule haruhusiwi kuiuzia shule gari jipya la kubeba watu zaidi ya kumi, la kubeba wanafunzi kila siku, kama halijafikia viwango vya basi la shule. Kwa hivyo ile matatu yetu iliyopakwa njano ingeishia hapo hapo kwenye yadi.

Kama unadhani viwango ni makaratasi tu, kuna usiku mmoja nitakuambia. Mei 14, 1988, karibu na mji wa Carrollton, Kentucky. Basi la zamani la shule, ambalo sasa lilikuwa la kanisa, lilikuwa linarudi kutoka bustani ya michezo. Ndani kulikuwa na watu 67, wengi wao vijana na watoto. Mlevi mmoja alikuwa anaendesha pikapu upande usiofaa wa barabara kuu, akawagonga uso kwa uso. Mgongano wenyewe haukuwaua. Tangi la petroli lilitoboka, moto ukaziba mlango wa mbele, na kila mtu akakimbilia mlango wa nyuma kupitia njia nyembamba. Watu 27 walikufa kwa moto na moshi.

Sasa kile kitu kilichonikosesha usingizi. Sheria za Aprili 1977 zilikuwa na kipengele cha kulinda tangi la mafuta. Chesisi ya basi hilo ilitengenezwa Machi 1977. Lilikosa sheria kwa siku tisa. Kihalali hakukuwa na shida, kwa hivyo likaendelea kubeba watu miaka kumi na moja. Baada ya hapo Kentucky ikabadilisha sheria za mabasi yake, ikaongeza njia za dharura na kinga ya tangi. Lakini 27 walikuwa wameshaenda.

Rudi nyumbani sasa. Usifikiri Wakenya hatujui kuweka sheria. Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitoa kanuni zake, na Februari 2004 zikaanza kufanya kazi. Mikanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano kwa matatu, sare kwa dere na konda. Matatu zikagoma. Watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Lakini serikali ilikaza, na wazee wetu hadi leo husimulia vile matatu zilibeba watu kumi na nne na si mmoja zaidi. Halafu mkazo ukalegea, na unajua tulipo leo.

Basi la shule lilisubiri zaidi. Ni Sheria ya Marekebisho ya Trafiki ya mwaka 2016 ndiyo iliyosema gari la shule liwe njano. Ikasema pia kuwe na mikanda. Ikasema watoto wasisafirishwe kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Halafu Waziri wa Elimu wakati huo, Fred Matiang'i, akazipa shule hadi Januari 2018 ziwe zimepaka. Na zilipaka kweli! Ile miezi ya mwisho ya 2017, mafundi wa rangi walikula vizuri. Kijani, maroni na bluu zikaisha, Kenya nzima ikawa njano.

Agosti mwaka huo huo wa 2018, basi la shule lililokuwa linarudi usiku kutoka safari ya Mombasa lilipata ajali Mwingi. Wanafunzi kumi wakafa. Shule zilikuwa zimeshapaka rangi miezi saba.

Sisemi rangi haina maana. Dere wa trela akiona njano mbele anajua kuna watoto, na hiyo ni kitu. Ninachosema ni kwamba sheria ilikuwa na mambo kadhaa na sisi tulichukua lile linaloonekana ukiwa mbali. Polisi barabarani anaona njano bila kusimamisha gari. Mikanda na idadi ya watoto, lazima asimamishe, afungue mlango, ahesabu. Hata mzazi ni hivyo hivyo. Dadangu alilipa ada ya gari mihula mitatu na hakuwahi kuchungulia ndani. Simlaumu, mimi pia nilichungulia kwa sababu ya jino.

Najua kuna mtu atasema: wewe uliacha chuo, huna mtoto, unajua nini kuhusu bei ya usafiri? Ni swali halali, kwa hivyo niwaambie nilichofanya na vile kiliendelea, bila kupamba.

Nilienda kwa wazazi wa steji yetu. Jumamosi tukakutana tisa, tukamwita dere. Yule mzee si mtu mbaya. Alitueleza hesabu yake: mafuta, bima, mshahara wa anti, na shule inamlipa kwa mtoto. Akibeba kumi na wanne tu, gari halijilipi. Akasema anaweza kufanya tripu mbili, lakini ya kwanza ingeanza saa kumi na dakika hamsini. Nikawa nimesoma sheria wiki hiyo, nikasema hiyo saa hairuhusiwi, na tena mtoto wa miaka sita anaamshwa saa ngapi? Tukabishana karibu saa mbili. Mwisho tukakubaliana tripu ya kwanza saa kumi na moja na nusu, ya pili saa kumi na mbili na robo, na kila mzazi aongeze shilingi 400 kwa mwezi.

Dadangu anauza mitumba. Hizo 400 alizitoa, lakini niliona vile alizihesabu. Wazazi wawili hawakuweza. Watoto wao sasa wanabebwa na boda, watatu kwa pikipiki moja, bila helmeti. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sina jibu lake. Nilitaka watoto wawe salama zaidi, na wawili wamekuwa hatarini kuliko mwanzo. Ukiona mtu anakuambia mambo haya yanamalizwa na wazazi wa steji moja, anakudanganya. Kule Marekani haikumalizwa na wazazi. Ilihitaji pesa, sheria, na miaka. Sisi mwaka 2025 Wizara ya Uchukuzi ilitoa rasimu ya kanuni za usafiri wa shule. Nawaomba muisome, na muulize swali moja tu: mambo yote yakishaandikwa, nani atafungua mlango ahesabu?

Wakati tunangoja, kuna vitu havihitaji waziri. Kesho asubuhi chungulia ndani ya gari la mdogo wako. Hesabu viti, hesabu vichwa. Angalia kama kuna mtoto kwa injini. Vuta mkanda uone kama unafunga. Mwambie anti ashuke kwanza na amvushe mtoto barabara, kwa sababu pale nje, akipanda au akishuka, ndipo hatari kubwa ilipo. Na gari likifika, mtu atembee hadi kiti cha mwisho aone kama kuna aliyelala.

Mpwa wangu ndiye mhesabu wangu siku hizi. Jana alirudi, akatupa begi, akaniambia, "Anko, leo tulikuwa kumi na watatu." Nikafurahi. Nikamuuliza, na mkanda je?

"Wangu umefungwa na kamba."

Jumamosi tunakutana tena.