Waraka wa Mtume: Kutoka Mkunazini Hadi Buzwagi

Kwa mpenzi wa ushairi wa Pwani, waraka si kitu kigeni. Ni maneno ya asiyekuwepo, yafikayo kwa mkono wa mjumbe na kusomwa mbele ya wahusika. Hivyo ndivyo Paulo alivyosema na makanisa yaliyokuwa mbali naye. Wathesalonike aliwaagiza waraka wake usomwe mbele ya ndugu wote.

Lakini mwandishi akisha kufa, nani atauthibitisha waraka? Swali hilo lilizuka mapema. Waraka wa pili kwa Wathesalonike watahadharisha juu ya barua za uongo, na mwishoni wataja salamu ya mkono wa Paulo kuwa ndiyo alama. Baadaye makanisa yalipima mambo matatu: je, maandishi yatokana na mitume au wanafunzi wao? Yaafikiana na imani iliyopokewa? Yasomwa na makanisa mengi? Waraka kwa Waebrania, usiotaja mwandishi wake, ulibishaniwa muda mrefu. Mwaka 367 Askofu Athanasius wa Aleksandria alivitaja vitabu 27 vya Agano Jipya, navyo alivitaja katika barua yake ya Pasaka. Barua ikazishuhudia nyaraka.

Agano hilo lilitoka kwa Kiswahili mwaka 1879, kwa juhudi ya Askofu Edward Steere, aliyejenga kanisa la Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa. Wafasiri waliyakuta maneno tayari midomoni mwa wenyeji. Neno “mtume”, ambalo masikio ya Mwislamu hulielekeza kwanza kwa Muhammad (S.A.W.), likabebeshwa pia Petro na Paulo. Tangu hapo neno moja lina heshima mbili, na kila msomaji hana budi kujua anasoma katika nyumba ipi.

Kiswahili hicho kilipanda bara. Wasukuma walipata Biblia nzima kwa lugha yao mwaka 1960. Lakini Buzwagi, wilayani Kahama, mgodi uliozalisha dhahabu tangu 2009 hadi 2021 ulikusanya watu wa lugha nyingi, nao walikutana katika Kiswahili. Huko wajua kwamba dhahabu haithibitishwi kwa kung'aa, bali kwa kupimwa. Nyaraka nazo zilipimwa: jina la mtume lilizifungulia mlango, bali waliozilinda ni wasomaji wasiojulikana majina, waliozinakili, wakazisoma kwa sauti, wakazikataa za kughushi.